Mguu Ni Kitu Kirefu

Kiswahili kinampa mtu mguu mrefu sana. Unaanzia kiunoni na kuishia kwenye ukucha wa kidole cha mwisho, na mgonjwa akikuambia mguu unauma amekuambia tu kwamba hajaja kwa sababu ya kichwa. Kazi yangu pale Eldoret, kwa miaka mingi kuliko ninavyopenda kuhesabu, ilikuwa kuwafundisha madaktari wanagenzi kuukata mguu huo vipande vipande mpaka wapate mahali penyewe. Mimi nilikuwa daktari wa mifupa. Wao walikuwa wametoka chuoni juzi, wameletwa kwetu kumaliza mwaka wa mazoezi kabla ya kuachiwa wagonjwa peke yao, na kila walichojua kuhusu mifupa walikijua kwa Kiingereza. Wagonjwa nao walikuja na mifupa ya Kinandi, ya Kikuyu na ya Kiluhya, wakaieleza kwa Kiswahili cha kuokoteza njiani.

Mwaka mmoja nililetewa kijana aliyelelewa Mombasa. Kiswahili chake kilikuwa safi hata ukajisikia umevaa viatu vichafu ukiongea naye. Siku yake ya pili alimkuta mzee mmoja aliyeanguka kutoka kwenye trela la mahindi, akainama kwa adabu na kumuuliza, "Mzee, unasikia maumivu kwenye nyonga?"

Huku kwetu bara neno hilo hatulitumii. Mzee alivua kofia yake, akaishika kwa mikono yote miwili. "Kijana, mimi sijaua mtu," akasema. "Mambo ya kunyonga inatoka wapi?"

Ilikuwa miaka ya chama kimoja, na neno kama hilo halikuwa la mzaha. Mzee alikataa kulala kitandani, akakataa kutaja jina la kijiji chake, na ilibidi mama mmoja aliyekuwa akifagia wodi aje kumtuliza kwa lugha ya kwao. Nilicheka siku hiyo mpaka machozi yakanitoka. Nilikuwa bado nacheka wakati huo.

Basi nikatunga sheria. Usimuulize mgonjwa jina la mahali. Mwambie aweke kidole kimoja panapouma, kimoja tu, si kiganja kizima. Nikaongeza ya pili, ambayo si yangu, hufundishwa duniani kote: goti likilia, nenda kwanza ukambishie hodi jirani yake wa juu. Kiungo cha paja na kiuno kikiumia hutuma maumivu chini, na mtu huja akishika goti ambalo halina kosa lolote. Wanagenzi walizikariri sheria zangu. Walinipachika jina la Kidole Kimoja na kuniigiza koridoni, sauti na mwendo, wakidhani siwasikii. Niliona fahari, sitaficha.

Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba ninafundisha udaktari wa michezo. Wakimbiaji walikuja tu, kama mvua inavyokuja pale juu, bila kuuliza mtu. Walikuja wa polisi, wa jeshi, wa shule za bweni, miguu myembamba ya kutisha, na karibu wote walikuwa waongo. Mtu mwingine huja hospitali akiongeza maumivu ili apewe mapumziko. Mkimbiaji huyapunguza ili apewe ruhusa. Niliwaambia wanagenzi hayo kila mwaka, na kila mwaka waliyaandika.

Sasa niseme habari ya ile Alhamisi.

Ilikuwa siku ya kliniki, na kliniki ya mifupa haikuwa na mwisho. Watu walikuwa wamejaa kwenye mabenchi tangu alfajiri, wengine wametoka mbali na mikono iliyofungwa kwa kanga na vijiti. Wiki hiyo mkubwa fulani alitarajiwa kuzuru hospitali. Kwa hiyo kuta zilipakwa rangi mpaka usawa wa macho yake, picha ya Rais ikapanguswa, na vitu vyote vilivyoonekana vizima vikahamishiwa wodi ambayo angepitishwa. Pazia letu la magurudumu, lile la kumkinga mgonjwa anapovua nguo, lilikwenda huko pia. Nililalamika kwa karani. Karani akaniambia nilalamike kwa maandishi. Saa nane mchana nilikuwa nimeona wagonjwa ambao sikumbuki hata sura zao, sijala, na mgongo wangu mwenyewe, wa daktari wa mifupa, unaniuma palepale unaponiuma mpaka leo.

Akaingia mwalimu wa michezo wa shule moja ya wasichana. Alikuwa mtu wa kifua kikubwa, na filimbi yake ilining'inia shingoni hata ndani ya hospitali. Nyuma yake kulikuwa na msichana wa kidato cha nne aliyevaa sare ya shule, mrefu, mtulivu, anayetazama sakafu. Wanagenzi wangu sita walikuwa wamesimama kuzunguka meza, wavulana watano na msichana mmoja.

"Daktari, hatutakusumbua," mwalimu akasema. "Ni goti tu. Inamsumbua kidogo. Sisi tunataka sahihi yako hapa kwa hii fomu."

Akanieleza haraka. Jumamosi kulikuwa na mashindano ya mkoa. Wazungu wa chuo kimoja cha Amerika wangekuwepo kutazama, na walitaka wasichana wawili wa kwenda kusoma kwao na kukimbia kwa jina la chuo. Huyu hakuwa na mpinzani. Baba yake alikuwa amefariki, mama yake alikuwa na ng'ombe wachache upande wa Moiben, na masomo baada ya kidato cha nne hayakuwepo kwake isipokuwa kwa njia hiyo ya miguu. Asipokimbia Jumamosi, wazungu wangeondoka na wengine.

"Na jina lake liko kwa mkuu wa wilaya tayari," akamalizia, kwa sauti ya chini kidogo. "Ni maagizo kutoka juu."

Maneno hayo matatu ya mwisho yalikuwa yakifungua milango na kufunga midomo miaka ile. Sitasema yaliniogopesha. Yalinichosha tu, zaidi ya nilivyokuwa nimechoka.

Msichana akapanda kitandani. Mimi nilikuwa nimeinamia fomu, natafuta mahali pa tarehe. Nilipoinua kichwa alikuwa amekwisha kaa, miguu ikining'inia.

"Weka kidole kimoja panapouma," nikamwambia.

Alimtazama mwalimu wake. Akawatazama wale vijana watano. Halafu akaweka kidole kwenye goti la kulia, upande wa ndani. "Hapa," akasema.

Nililishika lile goti. Halikuwa na uvimbe, halikuwa na joto, lilikunjika na kunyooka bila neno. Picha ya eksirei waliyokuja nayo ilikuwa safi. Mwanagenzi mmoja akasema ni misuli iliyochoka, na mimi nikakubali, maana siku hiyo kila kilichochoka nilikionea huruma.

Ndipo yule mwanagenzi wa kike akasema, "Samahani, Daktari. Wakati anapanda kitanda, ameinua huo mguu na mikono mbili. Ameshika hapa."

Akajionyesha mwenyewe, kwenye mkunjo wa paja, bila haya. Alikuwa binti wa upande wa Kesses, mdogo wa umbo, wa maneno machache, na mpaka siku hiyo sikuwa nimeamua kama ana akili au ana woga tu. Mimi, ambaye nilijigamba mbele yao kwamba namjua mgonjwa kwa jinsi anavyotembea kutoka getini mpaka mlangoni, sikuwa nimeona. Nilikuwa natafuta mahali pa tarehe.

"Mgonjwa ameonyesha mwenyewe kwa kidole," nikamwambia. "Ama wewe ndiye utamfundisha mahali anaumwa?"

Wavulana wakacheka. Yeye hakurudi nyuma.

"Tumwangalie hip, hapa juu, Daktari? Ni dakika tu."

"Na pazia iko wapi?"

Hiyo ndiyo iliyokuwa sababu yangu, na niliisema kama mtu anayetetea heshima ya mgonjwa. Kumpima vizuri kulitaka alale chali, sketi ipande, paja lipindishwe ndani na nje, mbele ya mwalimu wake na wavulana watano. Niliona haifai, na kweli haikufaa. Lakini ningeweza kuwaambia wanaume wote watoke. Ilikuwa sentensi moja. Ilimaanisha mabishano na mwenye filimbi, kungoja watoke, kungoja warudi, na mabenchi yamejaa nje. Nikatia sahihi.

Jumamosi sikwenda uwanjani. Nilikuwa nyumbani, nimelala kwenye kiti mchana na redio ikiongea peke yake, simu ilipolia. Alikuwa yule mwanagenzi wa kike, zamu ilikuwa yake. "Daktari, yule msichana ameletwa," akasema. Hakusema msichana gani, na mimi sikuuliza.

Alikuwa ameletwa na lori la shule, amelazwa juu ya magodoro ya bweni. Nilimwona kutoka mlangoni. Mguu wa kulia ulikuwa mfupi kuliko mwenzake na wayo umegeukia nje, jambo ambalo mwanagenzi wa wiki ya kwanza hulijua bila kumgusa mtu. Mfupa wa mkimbiaji huanza na ufa mdogo kwenye shingo ya paja, mwembamba kama unywele, na ufa huo ukipewa mikongojo na miezi michache hujiponya wenyewe. Wake ulipewa sahihi yangu. Ulikuwa umekatika kabisa akiwa amebakisha mizunguko miwili.

"Alikuwa anaongoza," mwalimu wake akaniambia, amesimama karibu na ukuta. Aliyasema hayo mara tatu. Sikuwa na nguvu ya kumkasirikia, na haki hiyo sikuwa nayo.

Tangu utotoni tunaambiwa asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Msichana huyu alisikia la kila mkuu aliyemzunguka, wa michezo, wa wilaya, na mkuu wa mifupa aliyekuwa na kalamu mkononi. Mimi ndiye sikusikia, na sikumsikia mdogo.

Tulimpasua kesho yake asubuhi, tukaweka misumari mitatu. Yule mwanagenzi ndiye aliyenisaidia, akishika vyuma na kufuta damu, na hakusema neno ambalo halikuhusu kazi. Ningependa angesema. Nilijitayarishia majibu ya ukali ambayo sikupata mahali pa kuyatoa.

Wiki chache baadaye zamu ya somo la paja ikafika, na sikuweza kuliruka. Nikawaeleza habari yote: mkimbiaji, goti lisilo na kosa, mwanagenzi aliyeona mikono miwili, daktari aliyesaini. Nikasema "daktari mmoja." Nikasema "hospitali fulani." Wale sita walikuwepo siku ile, wote, walisimama kuzunguka meza ileile. Watano wakainama na kuandika kwenye madaftari yao, daktari mmoja, hospitali fulani, kwa mwandiko mzuri. Tulikuwa tumezoea, nchi nzima, kuandika tulichoambiwa hali tunajua kilichotokea. Mwanagenzi wa sita aliweka kalamu yake juu ya daftari na kunitazama mpaka somo likaisha. Niliona aibu ambayo sikuwahi kuiona tangu nikiwa mtoto, na nikaendelea kufundisha.

Wazungu walikuwa watu wema kwa namna yao. Waliandika kwamba wangemwekea nafasi msichana kwa mwaka mmoja, ikiwa angepona. Alifanya mazoezi yote tuliyompa. Wauguzi walisema anaamka kabla yao na kuhesabu hatua zake kwenye veranda. Aliporudi kwa eksirei baada ya miezi sita alikuwa anatembea na mkongojo mmoja, na alimwuliza mpiga picha kama anaweza kuanza kukimbia pasipo na milima. Mpiga picha akamwambia angoje daktari. Mimi nilikuwa chumba cha upasuaji siku nzima, na lori la kwenda kwao halingemngoja.

Picha niliiona jioni. Kichwa cha mfupa wa paja hupata damu kupitia shingo yake, na shingo ikikatika vile, damu hukatika nayo. Kichwa kilikuwa kimekufa. Kilikuwa kimeanza kubonyea upande mmoja, na hapakuwa na msumari wa kukirudisha.

Mwanagenzi wa kike aliiona picha hiyo pamoja nami. Mwaka wake ulikuwa umebakisha siku chache.

"Nani atamwambia?" akauliza.

"Nitaandika barua, ipitie shuleni."

"Shule alishamaliza, Daktari. Na mama yake hajui kusoma." Akaitoa ile picha kwenye taa, akairudisha ndani ya bahasha yake. "Mimi naweza kukutafsiria. Tuende."

Sikutaka kwenda. Nilisema gari langu lina shida, na kweli lilikuwa na shida, lakini lilikuwa nayo tangu nilinunue. Jumapili mchana tukaenda. Mahindi yalikuwa yameshavunwa, na mashamba yamebaki na mabua. Njia nzima nilipanga maneno. Niliyapanga kama barua ya kujieleza kwa mkubwa: pazia, mabenchi, maagizo kutoka juu, kidole chake mwenyewe kwenye goti. Kila sababu ilikuwa ya kweli.

Mama yake alitukaribisha ndani, akatuwekea chai ya maziwa matupu, ya heshima kiasi cha kuona haya kuinywa. Alikuwa mwanamke wa umri wangu, mikono mikubwa, Kiswahili chake cha sokoni tu. Msichana alikaa karibu na mlango, mguu ameunyoosha mbele yake. Nikaeleza kwa Kiswahili, mwanagenzi akaugeuza kila mstari kwa lugha yao. Nikasema mfupa umekufa ndani. Nikasema atatembea, lakini atachechemea, na labda miaka ijayo atahitaji kupasuliwa tena. Nikasema hatakimbia.

"Hata polepole?" msichana akaniuliza.

"Hata polepole."

Nilidhani atalia, na nilikuwa tayari kwa machozi, nimeyaona mengi. Lakini alinitazama usoni, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, na akasema kwa Kiswahili, hakumngoja mtafsiri:

"Daktari, ile siku, mbona hukumwambia mwalimu atoke nje? Mimi nilijua ni wapi inauma. Singeweza kuweka kidole hapo na yeye anaangalia. Angetoka, ningekuonyesha."

Hakusema kwa hasira. Aliuliza kama mwanafunzi anayeuliza jambo ambalo halikueleweka darasani.

Mama yake akageuka, akataka kujua binti amesema nini. Mwanagenzi wangu akanitazama kwanza. Nadhani angenikinga kama ningemwashiria. Alikuwa amebakisha siku chache tu awe mbali nami, na bado angenikinga.

"Mwambie kama alivyosema," nikamwambia. "Na uliyoona wewe pia, mwambie."

Akamwambia. Alichukua muda. Mimi sikuelewa ila neno daktari, lililopita mara nyingi, na nikaona mkono wake ukienda kwenye mkunjo wa paja lake kama siku ile. Mama alisikiliza ameinamisha kichwa. Mwisho akauliza kitu kifupi.

"Anauliza kwa nini hukumtoa mwalimu," mwanagenzi akasema.

Sababu zangu zote zilikuwepo, nimezipanga kuanzia Eldoret mpaka mlangoni pale. Nilizitafuta na kuona nyingine zote zimesimama nyuma ya moja.

"Nilikuwa nimechoka, mama," nikasema.

Mwanagenzi akavuta pumzi atafsiri. Mama akainua kiganja kumzuia.

"Hiyo nimesikia," akasema, kwa Kiswahili.

Alikusanya vikombe, changu kikiwa bado na chai, akavipanga juu ya meza. Nje ng'ombe walikuwa wameanza kulia, saa yao ya kukamuliwa ilikuwa imefika. Akachukua ndoo iliyokuwa imefunikwa kando ya ukuta, akatoka. Binti yake akaweka mkono ukutani na kuanza kuinuka kumfuata, haraka, kama alivyozoea, akafika nusu. Mguu ukakataa. Akakaa tena, akaunyoosha mbele yake, na sisi watatu tukabaki tukisikiliza maziwa yakipiga ndoo.